Tumalize Tulichokianza

Hotuba iliyosomwa katika Mkutano wa Mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani



Katibu aliponitaka niseme machache juu ya kazi yangu, nilisita. Kazi yangu ni kusimamia watu wanaotunga programu za kompyuta, na sijui jambo liwezalo kumletea mtu usingizi baada ya pilau upesi kuliko hilo. Lakini nikakumbuka kwamba somo kubwa nililolipata kazini nikiwa mtu mzima nilikuwa nimekwisha fundishwa hapa hapa, nikiwa Kidato cha Pili, ndoo ya maji mkononi. Nikakubali.

Wa rika langu mtakumbuka tulivyofyatua matofali ya bweni. Maji yalitoka mtoni, huko bondeni. Tulipanga mstari toka mtoni hadi juu, kila mmoja akimpokeza mwenzake ndoo. Penye mwinuko mkali alisimama mwenzetu mmoja mdogo wa umbo. Ndoo zikamrundikia miguuni, maji yakamwagika, nasi wa chini tukazidi kumsukumia nyingine huku tukimpigia kelele kuwa ni mvivu. Akaja mwalimu wa zamu. Tulitazamia fimbo. Yeye akasema, "Hapana kujaza ndoo nyingine mpaka hizi zipande." Kisha akawatoa wawili kati ya waliokuwa wakijaza, akawapeleka kwenye mwinuko. Muda si muda maji yakawa yanafika juu kwa wingi kuliko kwanza, ingawa wajazaji walikuwa wamepungua.

Siku ile nilipaswa kujifunza mambo mawili. Nilijifunza moja tu, kwamba mwalimu yule alikuwa mpole. La pili lilinichukua miaka mingi.

Nilipokabidhiwa kikundi cha watu saba, tulifanya kazi kwa utaratibu uitwao Skramu. Jina hilo limetoka katika mchezo wa raga, pale wachezaji wanaposhikana mabega na kusukumana kugombea mpira. Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Kijapani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, waliandika makala katika jarida la Harvard Business Review. Walieleza makampuni ambayo watu wake walitengeneza bidhaa mpya kwa kwenda pamoja kama timu ya raga inayopasiana mpira, badala ya kupokezana kijiti kama wakimbiaji. Wamarekani Jeff Sutherland na Ken Schwaber waliitumia fikra hiyo katika utungaji wa programu, na mwaka 1995 Skramu ikaelezwa mbele ya mkutano wa wataalamu wa kompyuta uliofanyika Austin, Texas.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Kazi hugawanywa katika vipindi visivyozidi mwezi mmoja. Sisi tulitumia wiki mbili. Yuko mtu mmoja mwenye kuamua kipi kitangulie. Mwanzo wa kipindi kikundi huchagua kazi kinazoziweza. Kila siku watu hukutana kwa dakika 15 tu. Mwisho wa kipindi huwaonyesha wenye mali kilichokamilika, kisha hukaa peke yao kujisahihisha.

Ni utaratibu mzuri, nami niliuharibu kwa mkono wangu mwenyewe. Katikati ya kipindi simu ingelia: mkubwa fulani anataka hiki, ofisi fulani imekwama na kile. Sikuwa na ulimi wa kusema hapana. Kila ombi nililipachika juu ya kazi zilizokwisha pangwa. Kipindi kikiisha, nusu ya kazi zilikuwa hazijakamilika, tukazihamishia kipindi kijacho, na zile za kipindi kijacho zikahamia cha tatu. Watu walitoka ofisini usiku, na bado hakuna kilichokwisha.

Palikuwa na kijana mmoja ambaye kazi zake zilichelewa kuliko za wote. Nilimwonya mara mbili kwa maandishi. Mara ya tatu niliandika barua ya kupendekeza asiendelee na kazi, nikaiweka katika mtoto wa meza ningoje Jumatatu. Nilipomdokezea mama mmoja, mzoefu wa kikundi chetu, aliniambia, "Mzee, kabla hujaitia sahihi, hebu tuzitundike kazi zote ukutani tuzione."

Alichokuwa akinishauri ni utaratibu mwingine, uitwao Kanbani. Neno hili la Kijapani maana yake ni kibao au kadi ya ishara. Mwanzilishi wake ni Taiichi Ohno, mhandisi wa kiwanda cha magari cha Toyota. Alivutiwa na habari za maduka makubwa ya Marekani, ambamo mteja huchukua anachohitaji rafuni, na rafu hujazwa tena kwa kadiri ya kilichochukuliwa. Katika miaka ya 1950 aliingiza mwendo huo kiwandani: karakana ya nyuma haitengenezi kitu mpaka kadi itoke karakana ya mbele kusema kinahitajika. Kazi haisukumwi toka nyuma; huvutwa toka mbele. Mwaka 2004 David J. Anderson alianza kuipeleka fikra hii katika kazi za programu, akiwa na kikundi kimoja cha Microsoft, na mwaka 2010 akaitolea kitabu.

Basi tukapiga mistari ukutani, tukaandika kila kazi katika kadi yake. Kadi za kazi zilizokwisha anzwa zilikuwa 24. Zilizokuwa zikitengenezwa ni 9. Zilizokuwa zikijaribiwa ni 4. Zilizobaki, kadi 11, zilikuwa zimerundikana mahali pamoja: zinangoja kukaguliwa. Na mkaguzi, ndugu zangu, alikuwa mimi. Sita kati ya hizo zilikuwa za kijana yule, kwa sababu yeye ndiye aliyepewa kazi zinazohusu hesabu za fedha, ambazo hazikuruhusiwa kutoka bila sahihi yangu. Yeye alikuwa amekwisha maliza. Ndoo zilikuwa miguuni pangu, nami ndiye niliyekuwa nikipiga kelele.

Niliichana barua ile. Kisha nikamwomba radhi kijana mbele ya wenzake, maana maonyo yangu hayakuwa siri.

Tangu siku hiyo tukaziunganisha njia hizi mbili. Si ugunduzi wetu. Corey Ladas alikwisha andika juu ya muungano huo katika kitabu chake Scrumban cha mwaka 2009. Toka Skramu tulibakiza mwendo wa wiki mbili, kikao cha kila siku, kuonyesha kilichokamilika, na kujisahihisha. Toka Kanbani tukachukua ukuta na kikomo. Zinazotengenezwa zisizidi 4, zinazojaribiwa zisizidi 2, zinazokaguliwa zisizidi 2. Safu ikijaa, hapana ruhusa ya kuanza jipya. Aliye na nafasi huenda kumsaidia aliyezidiwa. Kazi ya dharura ikija, huingia pale tu inapopatikana nafasi, au kadi nyingine ikiondolewa mbele ya macho ya aliyeomba. Ukaguzi nao nikamgawia yule mama na mwingine mmoja.

Msidhani ni maneno matupu. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni ya foleni ambayo hata mtoto wa darasa la saba aweza kuikokotoa. Chukua idadi ya kazi zilizo mkononi, gawanya kwa idadi zinazomalizika kila wiki, utapata wastani wa muda ambao kila kazi hukaa mkononi. Sisi tulikuwa na kazi 24 na tukimaliza 4 kwa wiki: kila moja ilikaa wiki 6. Zikiwa 8, kwa kasi ile ile ya 4 kwa wiki, kila moja hukaa wiki 2. Wahenga wetu walikwisha sema: mshika mawili, moja humponyoka.

Sitawaficha kwamba ilikuwa vigumu. Wiki za kwanza watu waliona haya kuonekana hawajaanza kitu kipya, kana kwamba ni uvivu. Na mimi niliona uchungu kupoteza uwezo wa kupachika kazi kwa neno moja. Lakini tulianza kurudi nyumbani jua lingaliwaka, na yule kijana leo anaongoza kikundi chake mwenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nakuja kwenye lile lililonitoa nyumbani. Asubuhi tumesomewa taarifa ya Chama. Tunayo miradi saba: tangi la maji, paa la bweni, vyoo, maktaba, uzio, maabara, na mfuko wa karo. Yote imeanzwa. Hapana hata mmoja uliokwisha. Tangi limejengwa msingi, mabomba hayajanunuliwa; paa limeezuliwa upande mmoja, na vijana hawa wanalala kwa kubanana upande wa pili. Nimesikia minong'ono kwamba Mweka Hazina wetu ni mzembe. Kabla hatujamwandikia barua, hebu tutazame ndoo zimerundikana kwa nani. Kila mwaka, kila mmoja wetu aliye na shauku huja na mradi wake, nasi tunapiga makofi na kumkabidhi yeye yule.

Naomba kutoa hoja. Tuchague miwili tu: paa na tangi. Mitano iliyobaki tuiandike kwa mpangilio ukutani mwa ofisi ya Chama, na usianzwe mmoja mpaka mwingine umalizike. Kamati ikutane kwa muda mfupi kila mwezi, na kila miezi mitatu ituonyeshe kilichokamilika, si kilichoanzwa. Na mwenye mradi mpya leo, namsihi aje kwanza kwenye mwinuko, atusaidie kupandisha ndoo hizi.

Mwalimu yule wa zamu yupo hapa mbele. Shikamoo, Mwalimu. Nimechelewa, lakini somo la pili nimelielewa.