Kipindi Kinachokopwa: Elimu ya Viungo na Afya katika Shule za Upili za Pwani



Kipindi cha Elimu ya Viungo hakikuwekwa kwenye ratiba ili kusaka wachezaji wa timu ya shule. Kimewekwa ili kila mwanafunzi, hata yule asiyejua kupiga mpira, amalize shule akijua kuutunza moyo wake, mapafu yake na misuli yake. Hilo ndilo nililokuja kulitetea.

Kwa miongo mingi somo hili limekuwa kwenye ratiba bila kuwamo katika mitihani ya kitaifa. Walimu mnajua matokeo yake: silabasi ya Hisabati ikichelewa, kipindi kinachokopwa ni hiki, na hakirudishwi. Katika Sekondari Pevu, iliyopokea gredi ya 10 ya kwanza Januari 2026, Elimu ya Viungo ni ya wanafunzi wote, lakini bado haitahiniwi. Mtego ni ule ule.

Shirika la Afya Duniani linataka mtoto au kijana wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki afanye yanayoimarisha misuli na mifupa. Takwimu za mwaka 2016 kutoka nchi 146 zilionyesha kuwa asilimia 81 ya vijana wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho: wasichana asilimia 85, wavulana 78. Huenda binti wa Ganze anayekwenda shule kwa miguu na kuchota maji jioni hayumo katika hesabu hiyo. Ninaowahofia ni wa mjini Malindi anayeshushwa na tuktuk langoni, na wa bweni anayekaa kwenye dawati tangu alfajiri hadi masomo ya usiku. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana presha ya juu. Mazoea ya kukaa tu, yanayochangia hali hiyo, hujengwa mapema.

Sasa, kipindi kimoja cha dakika 40 hakiwezi kuleta siha ya wiki nzima. Kwa hiyo lazima kifundishe kile ambacho mwanafunzi atakifanya mwenyewe nyumbani. Nitaeleza somo moja. Wanafunzi wamekaa chini ya mwarobaini, kila mmoja na daftari. Wanaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, wanahesabu mapigo kwa sekunde 15, wanazidisha kwa 4, wanaandika. Wanakimbia polepole dakika chache, mwendo unaomruhusu mtu kuzungumza lakini si kuimba. Wanapima tena papo hapo, kisha baada ya dakika moja ya kupumzika. Vifaa ni saa na kalamu. Mwisho wa muhula wanarudia, na aliyefanya mazoezi kwa bidii huona kwa mwandiko wake kwamba moyo unatulia upesi zaidi. Hahitaji kuhubiriwa tena. Namba hizo ni zake: zisisomwe mbele ya darasa, wala asipangwe wa kwanza au wa mwisho.

Asiyependa kukimbia acheze ngoma. Mwanzele ya Wagiriama, ikichezwa mfululizo, hutoa jasho sawa na mbio. Mekatilili wa Menza alitumia ngoma ya kifudu mwaka 1913 kuwakusanya watu dhidi ya serikali ya kikoloni. Urithi huo una nafasi katika kiwanja cha shule.

Hata hivyo, mwalimu wa Pwani lazima ajue watu wake na hali yao ya hewa. Jua la kaskazi la Februari si la kukimbiza watoto saa sita mchana. Selimundu si ugonjwa mgeni katika Kaunti ya Kilifi, nao watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) hapa wameuchunguza kwa miaka mingi. Mwanafunzi mwenye ugonjwa huo apewe maji, apumzike anapotaka, asilazimishwe kufuata mwendo wa wenzake. Mwezi wa Ramadhani mazoezi yapunguzwe. Msichana aruhusiwe suruali pana na hijabu yake, bila kuulizwa maswali.

Na adhabu, jamani. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini wapo bado wanaomwadhibu mtoto kwa kichurachura na kuzunguka uwanja. Mtoto aliyefundishwa kwamba mbio ni mateso hatakimbia kwa hiari akifika miaka 40. Hili linaniuma kuliko ukosefu wa viwanja.

Wakuu wa shule mliopo hapa, naomba mambo mawili. Muhula ujao kipangeni kipindi hiki kabla ya saa tatu asubuhi. Na mwalimu wa somo jingine akija kukikopa, mkatalieni.