Kuku Anataka Nini? Mwalimu wa Uhuishaji na Madarasa ya Chwele

Septemba 1991 wanajeshi wa Kinshasa waliasi wakaupora mji. Mwaka uliofuata ilitoka filamu fupi ya vibonzo kuhusu siku zile, Kinshasa, septembre noir. Mwongozaji wake, Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, hakuwatafuta mafundi wa kuichora. Aliitumia michoro ya watoto, na michoro hiyo ndiyo iliyobeba kisa.

Kibushi alikuwa na studio isiyokaa mahali pamoja, ikiwafuata wanafunzi waliko. Aliiita Malembe Maa, na malembe kwa Kilingala ni polepole. Jina hilo lingestahili kubandikwa mlangoni mwa kila darasa la uhuishaji. Sekunde moja ya filamu hula picha 24. Mafundi wengi huchora 12 tu, kila mchoro ukatumika mara mbili, na hata hapo mkono huchoka kabla hadithi haijaanza.

Mada hii imeandaliwa kwa walimu wa sanaa na wa Kiswahili wa Chwele, Bungoma, nchini Kenya, na inauliza mwalimu wa uhuishaji hukumbukwa kwa lipi. Jibu lake ni fupi: hukumbukwa kwa maswali. Programu za kompyuta alizofundisha hupitwa na wakati kabla mwanafunzi hajamaliza chuo.

Kwa mfano, daftari la kurasa 48 lina karatasi 24. Mwanafunzi akichora kwenye kona ya kila karatasi, kisha akazipeperusha kwa kidole gumba, amepata kama sekunde mbili za filamu. Tuseme amechagua kuku aliyemwona sokoni Chwele, ndani ya tenga. Anayeanza humchora akipiga mabawa: juu, chini, juu, chini, hadi daftari liishe. Kuku anapepea kama shati kwenye kamba, na hadithi hakuna.

Hapo mwalimu huuliza, “Kuku huyu anataka nini?”

Anataka punje ya mahindi iliyoanguka nje ya tenga. Basi karatasi 9 za mwanzo kuku hatikisiki, jicho tu ndilo linaloigeukia punje. Karatasi 3 zinazofuata shingo inapenya kati ya fito. Mdomo unakaribia kabisa. Karatasi 2, ndala ya mchuuzi inashuka juu ya punje. Zimebaki 10, na katika zote 10 kuku anaitazama ile ndala. Darasa litacheka, na litacheka kwenye zile karatasi ambazo hakuna kinachosogea.

Norman McLaren, mhuishaji wa Kanada mzaliwa wa Uskoti, alishikilia kwamba kinachotokea kati ya picha moja na nyingine kina uzito kuliko picha zenyewe. Mmoja wa waliojifunza kwake ni Moustapha Alassane wa Niger, ambaye mwaka 1966 alitoa Bon voyage, Sim. Ni kisa cha rais chura anayekwenda ziarani kwa majirani, na akirudi anapinduliwa. Mbinu alizipata ng’ambo. Chura na siasa zake alivitoa nyumbani.

Chwele nayo ina hazina yake, na hapa mwandishi wa mada anakiri upendeleo. Mtoto wa Kibukusu aliyewahi kuhudhuria matanga ya mzee mwenye hadhi akamsikiliza msemaji wa kumuse, ile hotuba ya matanga, amekwisha kuona somo la muda na mwendo. Msemaji hutembea huku na huku uwanjani, husimama, huliacha neno lining’inie, kisha huanza tena. Walimu wangapi wamewahi kumwambia mwanafunzi achore ule utembeaji? Wanakhamuna, mjanja wa ngano za Kibukusu, naye bado anangoja penseli.

Wakenya wenyewe wamekwisha kuonyesha kwamba kinachoonekana nyumbani kinatosha. Ng’endo Mukii alitoa Yellow Fever mwaka 2012, akiwa mwanafunzi wa Royal College of Art, London. Filamu inazungumzia kujichubua ngozi, jambo ambalo mtu hulikuta saluni yoyote mjini, na inachanganya michoro na miili ya wachezaji. Mwaka 2023 aliongoza Enkai katika mkusanyiko wa filamu fupi za vibonzo, Kizazi Moto, na leo yeye mwenyewe ni mwalimu wa chuo cha sanaa, Boston. Kabla yake studio ya Homeboyz ya Nairobi ilihuisha vipindi 52 vya katuni ya televisheni Tinga Tinga Tales, vilivyoanza kurushwa mwaka 2010. Kazi hiyo ilionyesha kwamba mikono ipo. Wanaohitajika zaidi ni wenye hadithi.

Tangu Januari 2026, wanafunzi wa Gredi ya 10 wanaweza kuchukua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Shule nyingi zitasubiri kompyuta. Zisisubiri. Simu moja ya mwalimu, ikifungwa kwa mpira wa baiskeli kwenye mgongo wa kiti ili isitikisike, inapiga picha za kutosha.

Kwa hiyo kila mshiriki anaombwa kuchukua daftari moja la kurasa 48, kuanzia karatasi ya mwisho, kona ya chini kulia, na kurudi kesho na sekunde zake mbili.