Maabara si Chumba cha Nyuma

Mazungumzo kwa vijana wa sayansi wa Mbeya na Iringa



Katika hospitali nyingi chumba cha maabara hujengwa upande wa nyuma, mbali na mlango mkubwa. Mgonjwa hufika pale na kikopo mkononi, hukikabidhi kupitia kidirishani, kisha hurudi baadaye kuchukua kipande cha karatasi. Jina la daktari atalikumbuka. Jina la aliyepima hatalijua kamwe. Ndiyo maana imezuka dhana, hata miongoni mwa wasomi, kwamba maabara ni mahali pa waliokosa nafasi ya udaktari. Kijana anayeichagua kazi hiyo huulizwa na jamaa zake kama kweli alisoma miaka yote ile ili akapime choo na mkojo.

Dhana hiyo ni potofu, na Nyanda za Juu Kusini zina sababu kubwa ya kuikataa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2003-04 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 mkoani Mbeya, 14 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Iringa walikuwa 13, na nchi nzima kwa wastani 7. Uchunguzi wa 2007-08 uliiweka Iringa mbele ya mikoa yote, kwa watu 16 katika kila 100. Ule wa 2016-17 ulikuta Iringa, pamoja na Njombe iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, bado zimezidi watu 11 katika kila 100, huku wastani wa taifa ukiwa karibu 5.

Tarakimu hizo zilitokana na matone ya damu yaliyochukuliwa nyumba kwa nyumba, yakahifadhiwa, yakasafirishwa na kupimwa na watu ambao majina yao hayakutangazwa redioni. Tone moja la damu humhusu mgonjwa mmoja na daktari wake. Matone elfu kadhaa, yakipimwa kwa uaminifu na kupangwa kwa wilaya, umri na jinsia, huwa habari ya umma mzima. Hapo ndipo kazi ya maabara inapogeuka kuwa kazi ya afya ya jamii, na kijana anayetaka kuifuata njia hiyo hana budi kuielewa hatua hiyo tangu mapema.

Mbeya yenyewe ina mifano. Kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia kwa miaka kadhaa wanawake 600 waliofanya kazi katika baa na nyumba za wageni za mkoa huo, ambao barabara kuu ya kwenda Zambia inaupitia. Damu yao ilipochunguzwa, ilidhihirika kwamba aina tatu za kirusi, yaani A, C na D, zilikuwa zikizunguka pamoja, na mara nyingi zilichanganyika na kuzaa kirusi chenye asili mbili au zaidi. Jambo hilo halionekani kwa macho, wala mgonjwa hawezi kulieleza. Hata hivyo anayetengeneza chanjo bila kulijua ni sawa na fundi anayechonga ufunguo pasipo kukiona kitasa.

Mfano wa pili unatoka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa. Damu iliyochukuliwa kwa wananchi wa huko kati ya mwaka 2006 na 2011 ilihifadhiwa katika majokofu ya baridi kali. Baadaye ilitolewa na kupimwa upya ili kutafuta dalili za minyoo wanaoleta matende na mabusha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliokuwa na minyoo hao walipata maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI kwa kiasi cha mara mbili kuliko wasiokuwa nao. Magonjwa mawili yaliyokuwa yakishughulikiwa na idara tofauti yalionekana kuwa na uhusiano. Lau mtunza jokofu angezembea usiku mmoja umeme ulipokatika, au lau mwandishi wa vibandiko angekosea namba, elimu hiyo ingepotea.

Yupo pia mtu ambaye safari yake inafaa kutazamwa. Profesa Fred Mhalu wa Muhimbili alikuwa daktari aliyejikita katika elimu ya vijidudu. Kipindupindu kilipoingia tena nchini mwaka 1977, dawa ya tetrasaiklini iligawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na kwa wazima ili kuwakinga. Mhalu na wenzake waliendelea kupima vijidudu vilivyopatikana kwa wagonjwa. Mwanzoni vyote vilikufa kwa dawa hiyo. Baada ya miezi 5, sampuli 76 katika kila 100 zilikuwa na vijidudu sugu. Taarifa hiyo waliyoichapisha mwaka 1979 ilikuwa onyo kwa dunia kwamba dawa ikimwagwa ovyo hujiua yenyewe. Katika miaka iliyofuata Mhalu alihamia katika mapambano dhidi ya UKIMWI, akawa miongoni mwa walioongoza majaribio ya chanjo yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2007. Majaribio ya TaMoVac yaliyofuata yalifika hadi Mbeya.

Chanjo hiyo bado haijapatikana. Mwishoni mwa mwaka 2023 jaribio lingine, PrEPVacc, ambalo Mbeya ilishiriki, lilisimamisha uchanjaji baada ya kuonekana kwamba matumaini ya mafanikio yalikuwa hafifu. Je, kazi ilikuwa ya bure? La hasha. Jibu la "hapana" lililopimwa kwa haki huokoa fedha, muda na maisha. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika maabara ni fupi zaidi, maana cheti kimoja cha uongo humpeleka mgonjwa kaburini na taifa katika mipango isiyo na msingi.

Mashine nazo zisiwadanganye vijana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ambao Mbeya ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, ulionyesha kwamba muuguzi aliyefundishwa kwa muda mfupi aliweza kupima makohozi kwa mashine ya GeneXpert katika zahanati, na wagonjwa wengi zaidi wa kifua kikuu wakaanza dawa siku ileile. Lakini hali za wagonjwa baada ya miezi kadhaa hazikutofautiana sana na za waliopimwa kwa hadubini. Mashine hutoa jibu. Kumtafuta mgonjwa aliyebaki kijijini, na kuhakikisha anameza dawa, ni kazi ya watu.

Ngazi ya kupanda ipo. Kijana huanza na cheti au stashahada, hufika shahada, na akiwa kazini anaweza kuomba mafunzo ya epidemiolojia na maabara yaliyoanzishwa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na Muhimbili. Huko mtu wa hadubini hujifunza kuuliza maswali ambayo kikopo hakiyajibu: nani anaugua, wapi, tangu lini, na maji yake huyateka wapi.

Basi, ndugu vijana, atakayeuchagua mlango huo wa nyuma asiuingie kwa unyonge. Aandike namba kwa usahihi, alinde jokofu, akatae kutia saini asichokipima, kisha atoke nje na kulifuata jibu lake mpaka Makete, Kilolo na Chunya. Huko ndiko walikotoka wenye damu ile, nao wana haki ya kujua imesema nini.