Baada ya Kuvua Jezi
Hotuba kwa wakazi wa Wilaya ya Rusizi



Katika uwanja wa Kamarampaka tumezoea kumshangilia mchezaji anapofunga bao. Leo naomba tuifikirie siku anapovua jezi kwa mara ya mwisho: masomo ya chuo yamekwisha, au goti limekataa, na nafasi yake imechukuliwa na mwingine.

Mfano tunao hapa Afrika Mashariki. Henry Rono, mzaliwa wa Nandi nchini Kenya, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State, Marekani, alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Olimpiki za 1976 na 1980 zilimpita, kwa kuwa nchi yake ilizisusia. Baadaye pombe ilimtawala, fedha zikamwishia, na ukafika wakati akakosa hata mahali pa kulala. Bingwa huyo alibeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege. Hata hivyo aliishinda pombe, akafundisha wakimbiaji, akaandika kitabu cha maisha yake, na akarejea Kenya, alikofariki mwaka 2024.

Anayeacha mashindano hupoteza mengi kwa mara moja: ratiba ya mazoezi, wenzake wa timu, na jina aliloitwa mitaani. Usingizi hupungua, hasira huja, na chupa huwa karibu. Hapa mpakani, kijana mwenye nguvu asiye na shughuli hutafutwa upesi na wafanya magendo na wauza kanyanga. Ndiyo maana jambo hili linaihusu polisi. Tungependa kukutana naye uwanjani, kabla hatujakutana naye mahabusu.

Walimu na makocha, mhimizeni mchezaji apate cheti au ufundi angali anacheza. Viongozi wa timu, mpeni aliyestaafu kazi ya kunoa watoto au kushika filimbi. Wazazi, msimpime mtoto kwa mabao aliyofunga zamani. Nawe kijana, usikatize mazoezi ghafla; yapunguze kidogo kidogo, na chakula ukipunguze vivyo hivyo, kwani mwili hauchomi tena kama zamani.

Mkimwona mwenzenu amejitenga, hali wala halali, au anazungumzia kujiua, msimwache peke yake. Mfikisheni kwa mhudumu wa afya wa kijiji au katika hospitali ya Gihundwe. Kwa upande wa Rwanda, hatari ikiwa ya papo hapo, pigeni 112. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kuja kwetu kuomba msaada si kujishtaki.

Tuliwapigia makofi walipokuwa wakikimbia. Tusiwape kisogo waliposimama.