Kwa Nini Tunasugua Palipoumia?



Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amelifanya bila kufundishwa. Unatoka shambani jioni, giza limeanza kuingia, mara kidole cha mguu kinagonga kisiki. Aa! Mguu umeshajiondoa pale kabla hujasema neno. Unachuchumaa, unakishika kidole, unakisugua. Maumivu yanapungua kidogo. Kwa nini, na dawa hukupaka?

Tuanze na uti wa mgongo. Ndani ya mifupa ile iliyopangana kama shanga umepita ugwe laini, mnene kama kidole chembamba. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimeta 45 hivi. Habari za mguu na mkono hufika hapo kwanza, zikiletwa na mishipa ya fahamu, ndipo zipande kwenye ubongo.

Mishipa hiyo hailingani. Inayoleta habari za kuguswa ni minene, na habari hukimbia ndani yake meta 30 hadi 70 kwa sekunde moja. Ya maumivu ni myembamba. Mingine huenda haraka kiasi, lakini ile myembamba kabisa huenda meta 1 hivi tu kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea polepole. Ndiyo maana ukijikwaa unasikia maumivu mara mbili. Kwanza yale makali kama mchomo wa sindano, halafu, ukidhani yamekwisha, yanakuja yale mazito ya kuwaka.

Na ule mguu uliojiondoa wenyewe? Chembe za fahamu zilizo ndani ya ugwe hazikungoja ubongo. Zilipopata habari tu, ziliamrisha misuli ivute mguu, huku habari yenyewe ikiendelea kupanda.

Sasa turudi kwenye kusugua. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza, walieleza kwamba ndani ya ugwe ule kuna kitu kama lango. Habari za maumivu zikifika, zinaweza kupitishwa zote, au zikapunguzwa. Unaposugua, ile mishipa minene inaleta habari nyingi za kuguswa, nazo zinaamsha chembe ndogo ambazo kazi yao ni kuzuia. Lango linafungwa kidogo. Baadaye wataalamu wengine walisahihisha sehemu za maelezo hayo, maana mambo ya ndani yana mafundo zaidi, lakini wazo la lango limebaki. Bibi zetu walisugua magoti ya watoto zamani sana kabla ya hapo, ila hawakuandika.

Katika kisomo chetu mzee mmoja aliuliza, "Basi si afadhali mtu asisikie maumivu kabisa?" Tulicheka, lakini swali lile ni zito. Mgonjwa wa ukoma, mishipa yake ya fahamu ikishaharibika, anaweza kukanyaga kaa la moto na ugwe wa mgongo usipate habari yoyote. Hakuna amri ya kuvuta mguu. Kidonda anakiona jioni, pengine kesho yake. Watu husema ukoma unakula vidole. Sivyo. Vidole huharibiwa na majeraha yasiyosikika, yanayoachwa mpaka yanaoza na kufika kwenye mfupa.

Kwa hiyo ukiona baka kwenye ngozi, fumba macho, mwenzio aliguse kwa pamba. Usiposikia, nenda zahanati wiki hiyo hiyo, usingoje mavuno yaishe. Ukoma unatibika. Dawa zake hutolewa bure, na hutumiwa kwa miezi 6 au 12. Kisukari nacho huua mishipa ya miguu vilevile. Mwenye ugonjwa huo asitembee pekupeku, na kila jioni azitazame nyayo zake kwa macho, au mtoto amtazamie, maana huenda ameshachomwa na mwiba asubuhi na ugwe haukuambiwa.