Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi

Hakuna nyumba isiyopatwa. Huko Changamwe yuko baba aliyemlipia mwanawe karo miaka mingi, na matokeo ya mtihani yakaja kinyume cha alivyotazamia. Likoni yuko mama ambaye binti yake alikwenda Arabuni kutafuta kazi, na sasa miezi inapita bila salamu. Kisauni wako ndugu waliogombania kiwanja cha marehemu baba yao, hata hawaketi tena katika mkeka mmoja. Mambo kama haya huvunja moyo, na moyo uliovunjika husema, "Nyumba hii imekwisha." Je, nyumba huisha kwa wepesi namna hiyo? Jibu halina haja ya kutafutwa mbali. Liko papo hapo bara ya Mombasa.

Mtu akitoka kisiwani, akavuka daraja la Nyali na kufuata njia kuu iendayo Malindi, hufika mahali paitwapo Kengeleni. Jina hilo latokana na kengele ya zamani iliyo kando ya njia. Yasemekana ilikuwa ikigongwa ili kuwaonya watu kila majahazi ya wafanyao biashara ya watumwa yalipokaribia. Na hao walioonywa walikuwa ni watu ambao tayari wamekwisha kuonja utumwa.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza wasisafirishwe kwa njia ya bahari. Lakini biashara iliendelea kwa siri, na manowari za Kiingereza zikawa zikiyakamata majahazi hayo. Waliookolewa walihitaji mahali pa kukaa. Basi mwaka 1875 Misheni ya CMS ilipata shamba huko Kisauni, kikajengwa kijiji kilichoitwa Frere Town, kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyetumwa Unguja kwa ajili ya jambo hilo la watumwa.

Kila msikilizaji na aifikiri hali ya watu wale. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, na wengi wao walikuwa watoto bado. Mtoto hakujua kama mamaye yu hai au amekufa. Kurudi kwao kulikuwa shida kubwa, kwa kuwa njia ilikuwa ndefu na hatari ya kukamatwa tena ilikuwapo. Kama kuna watu waliokuwa na haki ya kusema, "Sisi hatuna nyumba tena," ndio hao. Nao hawakukata tamaa. Walilima, wakajifunza kazi za mikono, wakasoma. Lugha zao zilikuwa nyingi, wakaelewana kwa Kiswahili. Wakaoana, wakazaa, na nyumba zikaanza upya. Waliopotea hawakusahauliwa, lakini jiko halikuachwa lizime kwa kuwangoja.

Mmoja katika watu hao aliitwa Mbotela, aliyetekwa katika nchi za upande wa Ziwa Nyasa. Mwanawe, James Juma Mbotela, alikuwa mwalimu, na mwaka 1934 kilipigwa chapa kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, ambamo habari za mateso na kuokolewa ziliandikwa kwa Kiswahili. Mjukuu, Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Frere Town mwaka 1940, akawa mtangazaji wa redio aliyejulikana Kenya nzima mpaka alipofariki Februari 2025. Tangu miaka ya 1960 kipindi chake kiliwauliza wasikilizaji, "Je, Huu ni Ungwana?" Yafaa kukumbuka kwamba zamani za utumwa mwungwana alikuwa ni mtu asiye mtumwa. Babu alinyang'anywa uungwana wake. Mjukuu akawa ndiye awaulizaye watu wote habari za ungwana. Yule babu, alipokuwa mikononi mwa waliomteka, hangeweza kuliona jambo hilo hata katika ndoto.

Basi kutumaini si kukaa na kungoja kilichopotea kirudi vile vile kilivyokuwa. Ni kuitenda kazi ya nyumba leo, pamoja na wale waliopo. Baba wa Changamwe na akumbuke kuwa mtoto aliyeanguka mtihani hakuanguka katika uana. Na amketishe, amwulize mikono yake yapenda kazi gani. Mama wa Likoni asilie peke yake usiku. Na akusanye habari za safari ya binti yake, namba ya pasi na jina la aliyempeleka, azifikishe serikalini mapema. Na wale wadogo waliobaki wasikose uji wa asubuhi wala kuulizwa habari za shule. Ndugu wa Kisauni, kesi ya kiwanja na ipelekwe kwa wazee au barazani, lakini salamu zisikatwe. Mgonjwa na atazamwe, maiti azikwe na wote, na watoto wa pande zote mbili waachwe wacheze pamoja, maana hao ndio watakaoirithi nyumba, kiwanja kiwapo au kisiwepo.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi ambaye koleo lake limevunjika husikitika, na ana haki ya kusikitika. Kisha huuchochea moto, akafua koleo jingine.