Ziwa la Kutazama, Ziwa la Kuchota

Pwani ya Malindi, nchini Kenya, Waitalia walijijengea nyumba za mapumziko. Hapa Goma, ukingoni mwa Ziwa Kivu, wageni wetu walifuata kazi. Wakimbizi wa Rwanda walipomiminika mwaka 1994, mashirika ya msaada yalikuja nyuma yao, na vita vikayabakiza. Mwaka 2010 watafiti Karen Büscher na Koen Vlassenroot walieleza jinsi uwepo huo ulivyopandisha kodi za nyumba na kubadili sura ya mji. Tazameni mtaa wa Himbi: parseli zinazogusa maji zimezungushiwa kuta za mawe ya volkano, seng'enge juu, sentineli mlangoni, na kodi hulipwa kwa dola. Kwa mpangaji, ziwa ni mandhari. Kwa mama mwenye bidoni ya njano, ziwa ndilo bomba, hasa siku ambazo shirika la maji la Regideso halitoi maji. Kila ukuta unapoongezeka, wachotaji husongamana kwenye vijia vichache vilivyobaki, palepale panapofuliwa nguo na kuoshwa pikipiki. Ndiyo maana wahudumu wa afya husimama ukingoni wakitia klorini katika kila bidoni, kwa hofu ya kipindupindu. Na mwamba wetu wa lava una nyufa: uchafu wa mashimo ya vyoo, ya tajiri na ya maskini, unaweza kupenya hadi ziwani.

Mtasema wageni wameleta ajira. Ni kweli: walinzi, wapishi, madereva na waashi wamesomesha watoto kwa dola hizo. Lakini mji ulipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, wafanyakazi wengi wa kigeni waliondoka. Mshahara unaweza kuondoka na mgeni, ukuta unabaki. Wengine watasema wenye nyumba ni Wakongomani wenzetu. Ni kweli pia, na kwa hiyo dawa hatuitafuti kwa mgeni. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali; mwenye parseli amepewa haki ya kuutumia tu. Basi anayetia sahihi hati ya parseli ya ukingoni aulize kwanza njia ya wachotaji inapita wapi, na aiandike humo humo: upana wa kupitisha chukudu, kigari chetu cha mbao, iliyopakia bidoni, hadi majini.